Nyuma ya Paji la Uso: Ubongo wa Mbele na Hukumu Juu ya Watu wa Mlima Kenya

Katika viungo vyote vya mwili wa binadamu, hakuna kilichowahi kutumiwa kuwahukumu watu wanaoishi chini ya Mlima Kenya kama ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya mfupa wa paji la uso. Sehemu hiyo, ambayo wataalamu wa neva huiita koteksi prifrontali na ambayo hapa itaitwa gamba la paji, ndiyo inayohusishwa zaidi na uwezo wa mtu kupanga, kujizuia, kupima matokeo na kubadili nia mambo yanapobadilika. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 madaktari wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi walidai kwamba kwa Mwafrika wa Kenya sehemu hiyo ni pungufu au imelala, na daktari aliyelitetea dai hilo kwa bidii kuliko wenzake ndiye aliyeitwa mwaka 1954 kueleza chanzo cha vita vya Mau Mau katika Nyeri na wilaya jirani. Leo ubongo huo wa mbele unatajwa tena katika eneo lile lile, safari hii katika mijadala ya ulevi wa vijana, migomo ya shule za bweni na ajali za bodaboda. Kwa hiyo maswali mawili hayana budi kujibiwa kwa pamoja: gamba la paji hufanya kazi gani hasa, na ni kwa kiasi gani kazi hiyo inaweza kutumiwa kueleza mwenendo wa watu wa mahali fulani.

Gamba la ubongo kwa jumla ni tabaka la nje la ubongo, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu, lililokunjwakunjwa ili lienee ndani ya fuvu, na ndimo zilimo seli za neva, yaani niuroni, zinazopokea habari za macho, masikio na ngozi, na zinazoendesha misuli. Gamba la paji ni eneo la mbele kabisa la tabaka hilo, mbele ya maeneo yanayoamuru viungo kusogea. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba eneo hilo limetuna mno kwa binadamu kuliko kwa nyani, na kwamba humo ndimo utu unamokaa. Hesabu za karne hii zimelipunguza dai hilo, kwa kuwa gamba la paji hubeba takriban asilimia 8 ya niuroni za gamba lote la ubongo, kiwango ambacho hakitofautiani sana na kile cha nyani wengine. Kinachompa binadamu nafasi yake ni wingi wa niuroni zenyewe, ambazo katika ubongo mzima hufikia kama bilioni 86, pamoja na wingi wa nyuzi zinazoliunganisha gamba la paji na karibu kila sehemu nyingine. Upande wake wa juu na wa nje hujishughulisha zaidi na mipango na hesabu za papo hapo; upande wa chini, unaokalia mifupa iliyo juu ya macho, hupima thamani ya vitu na kusahihisha matarajio yasiyotimia; na upande wa ndani, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana, huunganisha uamuzi na hisia, hasa kwa njia ya mawasiliano yake na amigdala, kiini kidogo kinachotambua hatari na kuamsha hofu.

Kazi hizo huonekana wazi zaidi sokoni kuliko maabara. Mama anayeuza viazi na kabichi katika soko la Karatina anashika noti ya elfu moja ya mteja wa kwanza huku akijumlisha bei ya ndoo mbili za viazi, anakumbuka kwamba mteja wa pili bado ana deni la wiki iliyopita, anasikia simu ikilia kwa ujumbe wa M-Pesa na hajibu kwanza, anameza neno kali lililomfika ulimini pale mtoza ushuru anapomharakisha, na wingu linapotanda upande wa mlimani anateremsha bei kabla mvua haijawatawanya wanunuzi. Kushika habari kadhaa akilini kwa sekunde chache ili zitumike ndiko wataalamu wanakokuita kumbukumbu ya kazi. Kulimeza lile neno kali ni uzuiaji. Kuacha bei ya asubuhi na kuchukua nyingine ni unyumbufu wa fikra. Mambo hayo matatu, yakifanya kazi kwa pamoja, ndiyo msingi wa karibu kila kinachoitwa busara katika maisha ya kila siku, na yote matatu hudhoofika gamba la paji linapoumia.

Lakini haifai kulidhania gamba hilo kuwa mtawala anayejua kila kitu. Nadharia iliyotolewa na Earl Miller na Jonathan Cohen mwaka 2001, ambayo bado inaongoza utafiti mwingi, inaeleza kwamba gamba la paji halitoi lenyewe maono, kumbukumbu wala hisia, bali hushikilia lengo na kwa kufanya hivyo huzipa nguvu baadhi ya njia za neva na kuzinyima nyingine, sawa na mfanyakazi wa skimu ya mpunga ya Mwea ambaye hana tone la maji lililo lake, ila kwa kufungua lango hili na kufunga lile huamua ni shamba gani litakalonywa leo. Lango likikwama, maji hayaishi mtoni. Hufuata tu mkondo yaliouzoea. Ndivyo alivyo mgonjwa aliyeumia ubongo wa mbele: anajua sheria, anaweza hata kuitamka, ila mkono wake unafuata mazoea. Brenda Milner alilithibitisha hilo mjini Montreal mwaka 1963 kwa wagonjwa waliopewa kadi za kupanga kwa rangi, kisha kwa umbo, kisha kwa idadi; kanuni ilipobadilika waliendelea na ile ya zamani, ingawa kila mara waliambiwa wamekosea. Miaka michache baadaye Joaquín Fuster alirekodi kwa tumbili niuroni za gamba la paji zilizoendelea kuwaka katika zile sekunde ambazo chakula kilikuwa kimefichwa, na kwa mara ya kwanza ikaonekana jinsi ubongo unavyokishika kitu ambacho jicho limekikosa.

Kabla ya maabara hizo, ushahidi ulitoka kwa walioumia. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish nchini Marekani, baruti ililipuka na kurusha nondo yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi, ikapenya shavu la msimamizi wa ujenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage na kutokea utosini. Gage hakufa, na usemi haukumpotea, lakini daktari wake John Harlow aliandika kwamba mwanamume aliyekuwa makini na mwaminifu kazini alikuwa msahaulifu wa mipango yake, mwenye matusi, asiyewajali wenzake. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba baadaye Gage aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba na nidhamu, jambo linaloashiria kwamba alipata nafuu kubwa. Mwaka 1935 mjini Lisbon, Egas Moniz alianza kukata kwa makusudi nyuzi za ubongo wa mbele za wagonjwa wa akili, upasuaji ulioitwa lukotomia, na mwaka 1949 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Maelfu ya wagonjwa barani Ulaya na Marekani waliachwa wametulia, wamepooza kihisia na hawana ari. Taswira ya mgonjwa huyo aliyekatwa ubongo ndiyo iliyosafiri hadi Kenya na kugeuzwa kipimo cha watu ambao hawakuwa wagonjwa.

Msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali mjini Nairobi, alichapisha vipimo vya ubongo wa Waafrika wanaume waliofia hospitalini, akadai kwamba gamba lao lilikuwa jembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko la Wazungu, na H. L. Gordon, aliyekuwa daktari wa hospitali ya akili ya Mathari, aliyatumia matokeo hayo kuhoji kama elimu ingewafaa Waafrika. (Mathari hiyo ni ya Nairobi; isichanganywe na Mathari ya Nyeri, penye hospitali ya Consolata.) Aliyefuata ni John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuiongoza Mathari ya Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Katika makala ya mwaka 1951, na tena katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, Carothers alieleza kwamba tabia alizodhani ni za Mwafrika, kama vile kukosa mpango wa muda mrefu, kubadilika ghafla kwa hisia na kutojilaumu, zinafanana na za Mzungu aliyefanyiwa lukotomia, na kwamba zote zinaelezeka kwa kudhani kuwa ubongo wa mbele wa Mwafrika hautumiki ipasavyo. Mwaka 1954 serikali ilimwita aichunguze Mau Mau. Ripoti yake iliueleza uasi wa Wakikuyu kama zao la mtafaruku wa nafsi za watu waliong'olewa katika mila zao bila kuingia katika ustaarabu mpya, na ikaunga mkono kukusanywa kwa wakazi vijijini. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na kuwekewa kafyu. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi, kodi na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha Waafrika, havikuwa na nafasi kubwa katika maelezo hayo.

Kisayansi, jengo hilo halikuwa na nguzo. Vint alilinganisha maiti za watu maskini waliokufa kwa maradhi na vipimo vilivyochukuliwa Ulaya, katika maabara nyingine na kwa watu wenye historia nyingine ya lishe, ilhali unene wa gamba hubadilika kwa maradhi, kwa utapiamlo na hata kwa namna ubongo unavyohifadhiwa kabla ya kukatwa vipande. Carothers kwa upande wake hakupima ubongo. Alisoma tabia za wagonjwa wa Mathari, ambao wengi wao walifikishwa huko kwa sababu ya fujo au kesi, akazitia tabia hizo katika jamii nzima. Dai lake kwamba huzuni ya kupindukia, ugonjwa ambao leo unajulikana kama sonona, ni nadra kwa Waafrika, ambalo alilichukua kuwa dalili ya ubongo wa mbele uliolala, halikudumu: mwaka 1979 John Orley na John Wing waliripoti kwamba katika vijiji viwili vya Uganda sonona ilikuwa nyingi kuliko katika mtaa mmoja wa London walioulinganisha navyo. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alikuwa amekwisha kuona katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba hapa siasa ilikuwa imevikwa koti jeupe la hospitali.

Ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya Carothers ulikuwa msituni, na serikali iliyomwajiri iliushika kwa mikono yake. Wapiganaji wa Mau Mau wa Nyandarua walikuwa na makarani, madaftari ya vikosi, barua, vyeo na kanuni za mashtaka. Mwezi Februari 1954 waliunda Bunge la Kenya na kumchagua Dedan Kimathi kuwa Waziri Mkuu, na Karari Njama, mwalimu wa Nyeri, akawa katibu wao na baadaye akaandika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1966 pamoja na Donald Barnett. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kikosi kimoja kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikawafungulia mahabusu na kuondoka na silaha, kazi ambayo haiwezekani bila upelelezi wa siku nyingi, mgawanyo wa majukumu na watu wanaoweza kunyamaza gizani hadi ishara itolewe. Kuzuia kikohozi, kushika mpango akilini, kuubadilisha lindo linapohama: hizo ndizo kazi za gamba la paji kama zinavyoelezwa katika kitabu chochote cha neva. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Inafaa pia kusemwa wazi kwamba uwezo huu si wema. Usiku ule ule wa Naivasha, wapiganaji waliwachoma wanawake na watoto katika nyumba za Lari. Na tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya kizuizini ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika utekelezaji wa mpango ulioandikwa na maofisa wa magereza waliosoma vizuri. Gamba la paji huitumikia nia iliyopo. Haliteui mema kwa niaba ya mwenye nalo.

Jibu jingine lilitoka Embu, upande wa pili wa mlima, na halina makelele ya vita ingawa uzito wake ni mkubwa. Kuanzia mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, wakiwamo Nimrod Bwibo na Charlotte Neumann, walifuatilia lishe na maendeleo ya watoto wa vijijini humo. Miongoni mwa vipimo vyao ulikuwamo mtihani wa Raven, ambao hauhitaji kusoma: mtoto anaonyeshwa nakshi iliyokosa kipande, naye anachagua kipande kinachoikamilisha kwa kugundua kanuni iliyofichika, kazi inayoutegemea sana ubongo wa mbele. Watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko watoto wa umri huo huo, wa eneo hilo hilo, waliopimwa mwaka 1984. Nasaba haibadiliki ndani ya miaka 14. Kilichobadilika ni kusoma kwa wazazi, ukubwa wa familia, lishe na afya. Kisha likafuata jaribio katika shule 12 za msingi, ambapo baadhi ya watoto walipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, wengine githeri na kikombe cha maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama waliongoza katika maendeleo ya mtihani wa Raven, na uwanjani walionekana wakichangamka, wakianzisha michezo na kuwaongoza wenzao zaidi. Maziwa, yaliyosaidia ukuaji wa baadhi yao, hayakuleta faida hiyo katika mtihani. Nyama ina madini ya chuma na zinki na vitamini B12, ambavyo ubongo huvihitaji kutengeneza kemikali zake za mawasiliano na mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva ili ujumbe upite kwa kasi. Zaidi ya miaka thelathini baada ya Carothers kuondoka Mathari, watoto wa vijiji vilivyodhaniwa kuwa na ubongo uliolala walianza kupimwa, na ikadhihirika kwamba kilichokuwa pungufu kilikuwa kwenye sahani.

Somo hilo linabadilisha namna ya kuisoma tabia ya kungoja, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa kipimo safi cha gamba la paji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watoto nafasi ya kula peremende moja sasa au kungoja wapate mbili, na kwa miaka mingi waliongoja walitajwa kuwa ndio watakaofaulu maishani. Uchunguzi mpana wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya utabiri huo hutoweka hali ya nyumbani inapohesabiwa. Lenye uzito zaidi ni jaribio la Celeste Kidd na wenzake la mwaka 2013, ambamo mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea, akawatimizia wengine na kuwavunjia wengine ahadi. Walipofika kwenye peremende, waliotimiziwa walingoja kwa wastani wa dakika 12, na waliodanganywa dakika 3. Mkulima wa kahawa wa Tetu au Mathira, anayengoja takriban miaka mitatu mti uzae, anayechuma tunda jekundu moja moja na kuliacha la kijani tawini, anayelifikisha kiwandani na kukaa miezi kadhaa bila kujua atalipwa shilingi ngapi kwa kilo, ana uwezo wa kungoja ambao maabara nyingi hazijawahi kuupima. Anapoing'oa miti hiyo, au anapomuuzia dalali mbegu zake kwa bei ya chini lakini kwa pesa mkononi, si haki kusema kwamba amekosa kuona mbali. Gamba lake la paji limefanya lile linalopaswa kufanya: limeweka katika mizani ahadi zilizovunjwa na kukadiria upya thamani ya kesho. Jirani yake mwenye majani chai, anayepata malipo ya kila mwezi na bonasi mwishoni mwa mwaka wa chai, hungoja kwa utulivu zaidi, na wote wawili wana ubongo wa aina moja.

Umri, hata hivyo, huleta tofauti ya kweli. Picha za ubongo zilizochukuliwa tangu miaka ya 1990 kwa watoto wale wale walipokuwa wakikua zimeonyesha kwamba gamba la paji ni miongoni mwa maeneo ya mwisho kukomaa. Viungio visivyotumika hupunguzwa, mayelini huongezeka, na kazi hiyo huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali mfumo wa raha na msisimko huwa umepamba moto tangu balehe. Kijana wa miaka 16 akiwa peke yake na akiwa ametulia hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Tofauti huonekana mbele ya wenzake. Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha mwaka 2005, kwa mchezo wa kuendesha gari, kwamba vijana waliotazamwa na rafiki zao walithubutu hatari nyingi zaidi, na watu wazima hawakubadilika sana. Eneo la Mlima Kenya limezijaza shule za bweni mazingira hayo hasa: mamia ya vijana usiku katika jengo moja, manung'uniko yanayopita kitanda hadi kitanda, na usingizi uliokatwa na masomo ya alfajiri, ingawa ukosefu wa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayodhoofisha gamba la paji haraka zaidi. Mwezi Mei 1999 katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Kueleza kwamba wahusika walikuwa na ubongo usiokomaa hakuwarudishi waliokufa wala hakufuti hatia, kwa kuwa vijana walio wengi mno wenye ubongo wa umri huo hawachomi mtu. Kunachofanya ni kuhamishia sehemu ya wajibu kwa watu wazima wanaopanga vitanda, saa za kulala na njia za kusikiliza malalamiko. Sheria ya Kenya imepiga hatua katika mwelekeo huo: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inamchukulia aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo.

Kuhusu pombe, mjadala wa Mlima Kenya umekuwa mkali tangu Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana zaidi kama Sheria ya Mututho, kupitia msako wa mwaka 2015, hadi vifo vya Kangai, Kirinyaga, mwezi Februari 2024, ambapo watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe haramu. Ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha kawaida, huanza mapema kulegeza uzuiaji na upimaji wa hatari, ndiyo maana mlevi huamini kwamba anaendesha pikipiki vizuri kuliko kawaida. Ikinywewa kwa miaka, hupunguza ujazo wa ubongo wa mbele, na ujazo huo hurejea kwa kiasi mtu anapoacha. Methanoli, inayopatikana katika pombe iliyochanganywa ovyo, ni sumu ya namna nyingine: mwili huigeuza asidi ya fomiki inayoshambulia neva ya macho na viini vya ndani vya ubongo, na hupofusha kabla ya kuua. Miraa ya Igembe na Tigania, upande wa Meru, hubeba kathinoni, ambayo huongeza dopamini na noradrenalini; kemikali hizo kwa kiwango cha wastani hulisaidia gamba la paji kushika lengo, na zikizidi hulivuruga, na mtafunaji hulipa pia kwa usingizi alioukosa. Kosa la mjadala huu ni kumwambia kijana asiye na kazi atumie nguvu ya nia, wakati nia yenyewe inakaa katika kiungo ambacho pombe imekilegeza. Anayetakiwa kujizuia kwa ubongo huo anahitaji kwanza baa isiwe mlangoni pake, dawa na mshauri viwe katika hospitali ya karibu, na asubuhi yake iwe na pa kwenda.

Jeraha la kichwa ndilo linaloharibu gamba hili kwa siri zaidi. Bodaboda inapogonga, ubongo husukumwa mbele na kukwaruzwa na mifupa yenye kingo kali iliyo juu ya macho, ambayo ndiyo sakafu ya gamba la paji, hata pale ngozi ya paji ilipobaki na mchubuko mdogo tu. Majeruhi huzinduka, hutaja jina lake, tarehe na jina la rais, hutembea, huruhusiwa kurudi nyumbani. Wiki chache baadaye mkewe anaona kwamba duka halifunguliwi kwa saa, kwamba pesa za bidhaa zimetumika kwa jambo lisiloeleweka, kwamba mtu mpole amekuwa mwepesi wa hasira mbele ya watoto au amekaa tu bila kuanzisha jambo lolote. Majirani husema amekuwa mvivu, amerogwa au ameanza kunywa. Familia inayoambiwa mapema na daktari kwamba mabadiliko hayo ni sehemu ya jeraha humwekea ratiba iliyoandikwa, humpunguzia kelele na maamuzi, hushika fedha kwa niaba yake kwa muda, na hatari ya nyumba kuvunjika hupungua. Helmeti, ambayo sheria inamtaka dereva na abiria wote wawili waivae, ndiyo kinga rahisi kuliko zote.

Uwezo wa kuchukua hatua haupo mbali na eneo hili. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, huduma za afya za kaunti na utoaji wa leseni za pombe, yaani mambo matatu yanayogusa gamba la paji moja kwa moja kuliko mahubiri yoyote kuhusu nidhamu. Jaribio la Embu lilifanyika kwa watoto wa shule za msingi, lakini hitaji la chuma, zinki na B12, likilinganishwa na uzito wa mwili, ni kubwa zaidi kadiri mtoto anavyokuwa mdogo. Kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Tharaka-Nithi na Meru zianze na madarasa ya chekechea yaliyo mikononi mwao, kwa sahani ya githeri yenye nyama katika kila siku ya masomo.